John Kirk: Balozi aliyemshauri Seyyid Barghash hadi Pwani ikagawanywa

Kila yanapozuka mazungumzo ya ukanda wa maili kumi, wazee wetu barazani hutaja majina yale yale. Atatajwa Sultani wa Zanzibar, watatajwa Wajerumani, itatajwa Kampuni ya Waingereza, kisha mazungumzo yatarukia mwaka 1963. Jina moja huachwa nje mara nyingi, nalo ni la mtu aliyekaa katikati ya mambo hayo yote kwa miaka ishirini. Jina hilo ni John Kirk, daktari wa Kiskoti aliyekuja Unguja kutibu wagonjwa wa ubalozi wa Uingereza na kuondoka akiwa mtu ambaye Seyyid Barghash hakukata shauri kubwa bila kusikia neno lake.

Leo nataka tumtazame mtu huyu. Wengine humsifu kama mkombozi wa watumwa, wengine humlaani kama aliyeifungulia mlango serikali ya kikoloni. Ukisoma maisha yake kwa utulivu utaona kwamba pande zote mbili zina hoja, na kwamba historia yake inatugusa watu wa Pwani ya Kenya mpaka leo.

Daktari mpenda mimea

Kirk alizaliwa tarehe 19 Disemba 1832 huko Barry, kijiji cha karibu na Arbroath, mashariki ya Uskoti. Baba yake alikuwa kasisi. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na kuhitimu mwaka 1854, lakini moyo wake ulikuwa pia kwenye mimea, elimu iliyokuja kumfuata popote alipokwenda. Vita vya Crimea vilipopamba moto alikwenda kufanya kazi katika hospitali ya Waingereza kule Dardanelles, katika nchi ya Waturuki. Hapo ndipo alipoanza kuishi kati ya Waislamu, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu.

Mwaka 1858 alijiunga na msafara wa David Livingstone wa Mto Zambezi, akiwa daktari na mtaalamu wa mimea. Ulikuwa msafara wa shida. Homa iliua watu, maporomoko yalizuia mashua, na viongozi wakagombana wao kwa wao. Kirk alikuwa pamoja na Livingstone walipofika Ziwa Nyasa Septemba 1859. Mwaka uliofuata mtumbwi wake ulipinduka katika maji makali ya Kebrabasa. Aliponea chupuchupu, lakini maandishi na michoro yake mingi ikachukuliwa na maji. Mwaka 1863, afya ikiwa imezorota, alirudi kwao.

Katika safari hiyo aliona kwa macho yake jinsi biashara ya watumwa ilivyokuwa ikiendeshwa kutoka Nyasa hadi pwani: vijiji vilivyochomwa, misafara ya watu waliofungwa shingoni, mifupa njiani. Atakayetaka kuelewa ukali wa Kirk katika jambo hili baadaye asilisahau hilo.

Kufika Unguja

Mwaka 1866 alipata kazi Zanzibar kama daktari wa ubalozi wa Uingereza. Cheo hakikuwa kikubwa. Unguja ya wakati huo ilitawaliwa na Seyyid Majid bin Said, na ndiyo iliyokuwa soko kuu la pwani yote. Pembe za ndovu zilitoka bara, karafuu zilitoka mashambani, na majahazi ya kusi na kaskazi yaliunganisha bandari zetu na Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Wafanyabiashara wa Kihindi walishika forodha na mikopo. Mwaka 1867 Kirk alimwoa Helen Cooke, wakaanza kulea familia hapo hapo kisiwani. Kipindupindu kilichoipiga Unguja mwaka 1869 na 1870 na kuua maelfu kilimkuta kazini.

Balozi Henry Churchill alipoondoka kwa ugonjwa mwaka 1870, kazi zote zilimwangukia Kirk. Mwaka huo huo Seyyid Majid alifariki na ndugu yake Barghash akakalia kiti. Barghash hakuwa mgeni wa mkono wa Waingereza. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua Majid, akashindwa kwa sababu Waingereza walimsaidia Majid, kisha akapelekwa uhamishoni Bombay kwa muda. Alirudi akiwajua vizuri: anawahitaji na anawaogopa.

Wakati huo ndipo lilipotokea pia sakata la Henry Stanley. Baada ya kumpata Livingstone Ujiji mwaka 1871, Stanley alimshutumu Kirk hadharani kwamba alizembea kumpelekea mzee huyo mahitaji, na msafara wa mizigo ukabaki kukaa Bagamoyo. Uchunguzi ulifanywa na Kirk akaonekana hana hatia, lakini chuki baina yao ilibaki. Aprili 1874, Livingstone alipozikwa London, Kirk na Stanley wote wawili walikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake.

Mkataba wa 1873

Biashara ya watumwa ilikuwa imewekewa mipaka kabla ya Kirk. Mkataba wa 1845, uliosainiwa na Seyyid Said, ulipiga marufuku kuwapeleka watumwa Arabuni, lakini uliruhusu kuwasafirisha baina ya sehemu za milki ya Sultani hapa pwani. Mwanya huo ndio uliotumiwa. Kwa makadirio ya wakati huo, watumwa wapatao 20,000 kwa mwaka walikuwa wakipitia Unguja, na wengi walivushwa kaskazini kwa siri.

Januari 1873 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kumtaka Barghash afunge biashara hiyo yote. Barghash alikataa, na sababu alikuwa nazo. Aprili 1872 dhoruba kubwa ilikuwa imeipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu na minazi kwa wingi na kuzamisha meli zake. Alikuwa mtu aliyefilisika anayeambiwa aachie chanzo kingine cha mapato yake, na tena mbele ya Waarabu wenye mashamba ambao uaminifu wao kwake haukuwa wa uhakika. Frere akaondoka mikono mitupu.

Aliyemaliza kazi ni Kirk. Alipata amri kutoka London amjulishe Sultani kwamba asiposaini, manowari zitaizingira Unguja isiingie wala kutoka meli. Kirk alimfuata Barghash na washauri wake, akawaeleza jambo hilo bila kulificha na bila kulipunguza. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alisaini. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, na usafirishaji wa watumwa baharini ukawa haramu. Mahali pa soko lile palijengwa kanisa kuu la Kianglikana ambalo wageni hulizuru hadi leo.

Hapa sisi Waislamu wa Pwani tuseme kweli, maana kuna wenzetu ambao wakisikia habari hizi huona kama wanasingiziwa. Biashara ile ilikuwako. Waarabu, Waswahili, Wahindi na machifu wa bara walishiriki ndani yake, kila mmoja kwa fungu lake, na Wazungu wa visiwa vya Bahari ya Hindi walikuwa wanunuzi. Dini yetu imehimiza kumwacha mtumwa huru na kuifanya hiyo kuwa ibada na kafara. Haikumwamuru mtu avamie vijiji. Kufungwa kwa soko la Mkunazini kulikuwa jambo la kheri, na Kirk ana sehemu yake katika kheri hiyo. Lakini ilikuwa kheri iliyoletwa kwa mzinga, na Barghash alijifunza siku hiyo ni nani mwenye neno la mwisho katika nchi yake.

Mkataba haukumaliza utumwa. Misafara ilihamia nchi kavu, ikipita pwani kutoka Kilwa kwenda kaskazini, na Pemba, ambayo dhoruba iliiacha na mikarafuu yake, ilizidi kutaka wafanyakazi. Kirk aliandika, akafuatilia, akashinikiza, mpaka mwaka 1876 Barghash akatoa matangazo ya kupiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu pia. Hali yenyewe ya utumwa haikufutwa kisheria Unguja na Pemba mpaka 1897, na huku kwetu Pwani ya Kenya mpaka 1907.

Sikio la Sultani

Ni ajabu kwamba baada ya kutishiana, watu hawa wawili walikaribiana. Mwaka 1875 Barghash alialikwa Uingereza na Kirk akafuatana naye. Mwishoni mwa mwaka huo huo jeshi la Khedive wa Misri lilitua Kismayu na Barawa na kushusha bendera ya Sultani. Kirk alipanda manowari akaenda Barawa mwenyewe kuwakabili maofisa wa Misri, na London ikamshinikiza Khedive mpaka majeshi yale yakaondoka. Barghash alirudishiwa bandari zake. Matangazo ya 1876 yalifuata muda mfupi baadaye. Mkono mmoja uliosha mwingine.

Kuanzia hapo, kwa miaka kama kumi, Kirk alikuwa zaidi ya balozi. Luteni Lloyd Mathews wa jeshi la majini la Uingereza alianza mwaka 1877 kuwafunza askari wa Sultani mafunzo ya kisasa. Waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879, na majibu ya London yaliyokuwa yakichukua majuma mengi yakaanza kufika haraka. Barghash naye hakulala. Aliuletea mji maji ya mfereji, akajenga Beit al-Ajaib, akanunua meli za moshi. Kirk alimpa moyo katika biashara halali, hasa ya mpira wa msituni, ule utokanao na mtambazi ambao wataalamu wameuita kwa jina lake, Landolphia kirkii.

Jambo hilo la majina linafaa kutajwa. Huko Mbweni, nje kidogo ya mji, Kirk alikuwa na nyumba na bustani ya mimea ya kila aina. Alipeleka mbegu na mimea mikavu katika bustani ya Kew, London, na wataalamu wakaendelea kuupa uhai wa nchi zetu jina lake. Hata kima punju wa Jozani, mnyama asiyepatikana popote duniani ila Zanzibar, kwa lugha ya kitaalamu anabeba jina la Kirk.

Mwaka 1881 alipewa cheo cha Sir. Wengi walimwona kuwa ndiye mtawala wa kweli wa Zanzibar. Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Sera yake ilikuwa moja: Uingereza isichukue nchi, bali itawale kupitia kwa Sultani. Maadamu Sultani ana nguvu pwani na Kirk ana nguvu kwa Sultani, hakuna haja ya gharama ya koloni. Sera hiyo ilitegemea jambo moja tu, kwamba hakuna taifa jingine la Ulaya litakalokuja kugombea.

Wajerumani wabisha hodi

Taifa jingine lilikuja. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters aliingia Usagara na nchi jirani, akawapa machifu karatasi watie alama, akarudi Berlin. Februari 1885 Kaisari alitangaza kwamba nchi hizo ziko chini ya ulinzi wake. Nchi hizo Barghash alizihesabu kuwa zake. Misafara yake ndiyo iliyopita humo, na bendera yake ndiyo iliyojulikana humo.

Na hapa ndipo pa kusoma kwa makini. Miezi michache nyuma, Disemba 1884, Kirk alikuwa amempata Barghash asaini ahadi kwamba hatatoa sehemu yoyote ya nchi yake kwa taifa lingine bila ridhaa ya Uingereza. Barghash alijifunga mikono akiamini kwamba aliyemfunga ndiye atakayemlinda. Sasa mwizi alipoingia, alimgeukia mlinzi.

Mlinzi alikuwa na shughuli nyingine. Uingereza ilikuwa imenasa Misri na Sudan. Jenerali Gordon alikuwa ameuawa Khartoum Januari 1885, na Warusi walikuwa wakisogea upande wa Afghanistan. London ilihitaji msaada wa Bismarck katika mambo ya Misri, na Zanzibar ikawa kitu cha kutoa ili kupata. Barghash alimpelekea Kaisari malalamiko kwa simu. Alituma askari kuelekea Witu, ambako Sultani Ahmad, maarufu kwa jina la Simba, alikuwa amejiweka chini ya Wajerumani. Mathews naye alipelekwa hadi Kilimanjaro kusimamisha bendera ya Sultani. Kirk aliziunga mkono hatua hizo kadiri alivyoweza, mpaka amri ilipokuja kwamba aache.

Tarehe 7 Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri la Barghash. Msafara huo huo ulimleta hata dada yake, Bibi Salme, mjane wa Mjerumani, kama jambo jingine la kumbana. Kirk aliagizwa kumshauri Sultani akubali matakwa ya Wajerumani. Yule aliyekuwa akimwambia kwa miaka mingi kwamba urafiki wa Uingereza ndio ngome yake, ndiye aliyepewa kazi ya kumweleza kwamba ngome hiyo haipo. Aliifanya. Barghash akasalimu amri bila risasi kufyatuliwa.

Ni vigumu kumhukumu Kirk katika siku hizo. Hakuupenda uamuzi ule, na alikuwa amepinga madai ya Wajerumani mpaka wakamlalamikia kwa serikali yake. Angeweza kujiuzulu. Hakujiuzulu. Alikuwa mtumishi wa Malkia, anakula mshahara wake, na mtumishi wa namna hiyo hata akikupenda vipi, barua ikija atakusomea.

Maili kumi

Tume ya Waingereza, Wajerumani na Wafaransa iliundwa kuchunguza mipaka ya nchi ya Sultani, Uingereza ikiwakilishwa na Kitchener. Barghash hakuwekwa kuwa mjumbe sawa nao. Wajerumani walitaka ahesabiwe miji tu yenye askari wake. Waingereza walitaka pwani nzima. Kirk aliondoka Unguja Julai 1886 kwa likizo, na hakurudi tena katika kiti chake.

Makubaliano yalipitishwa kwa kubadilishana nyaraka London mwishoni mwa Oktoba na tarehe 1 Novemba 1886. Sultani aliachiwa Unguja, Pemba, Mafia, na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi kutoka Tungi kusini hadi Kipini kaskazini, pamoja na Kismayu, Barawa, Merka, Mogadishu na Warsheikh. Bara ikakatwa vipande viwili kwa mstari kutoka Mto Umba hadi Kilimanjaro na kuendelea mpaka Ziwa Victoria. Kusini wakapewa Wajerumani, kaskazini Waingereza. Barghash aliletewa mambo yakiwa yamekwisha, akakubali Disemba mwaka huo. Wala watu wa Vanga, Mombasa, Malindi na Lamu hawakuulizwa. Wala Wadigo, Wagiriama na Wapokomo, ambao mstari ulipita katikati ya nchi zao.

Mwezi Mei 1887 Barghash aliikodisha sehemu yake ya kaskazini kwa jumuiya ya William Mackinnon, iliyogeuka mwaka uliofuata kuwa Imperial British East Africa Company. Miongoni mwa wakurugenzi wa kampuni hiyo alikuwa Sir John Kirk. Yule aliyemshauri mwenye nyumba sasa amekaa upande wa mpangaji. Barghash alifariki Machi 1888, mgonjwa na mwenye uchungu.

Kirk aliishi miaka mingi baada yake. Aliiwakilisha Uingereza katika Mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 uliotunga mkataba dhidi ya biashara ya watumwa. Mwaka 1895 alitumwa Mto Niger kuchunguza shambulio la watu wa Brass dhidi ya kituo cha Royal Niger Company. Alikaa pia katika kamati ya kusimamia ujenzi wa reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Alifariki Sevenoaks, kusini ya Uingereza, tarehe 15 Januari 1922, akiwa na miaka 89.

Kinachotuhusu

Kampuni iliposhindwa, serikali ya Uingereza iliuchukua ukanda ule mwaka 1895 kwa kumlipa Sultani kodi ya paundi 11,000 kwa mwaka. Ukawa Himaya, ukiwa na bendera ya Sultani, maliwali na makadhi. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte walikubaliana kwa maandishi kwamba ukanda uwe sehemu ya Kenya, na mahakama za makadhi zilindwe. Makadhi hao wamo katika Katiba yetu ya 2010. Mizizi ya ibara hiyo, na ya kesi nyingi za hati za mashamba zinazotusumbua hapa Pwani, inarudi nyuma hadi ule mwaka wa 1886.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wazee, na Kirk hakuwa hata ndugu. Alikuwa mtu mwema kwa kiasi chake, mwenye elimu, mchapa kazi, na pengine alimpenda Barghash kwa dhati. Hayo yote hayakubadilisha anayemlipa. Siku hizi wanakuja washauri wa miradi ya bandari, wa gesi, wa ardhi za ufuoni, wa hifadhi za bahari. Wengi wao ni watu wazuri pia. Viongozi wetu wa kaunti na wazee wetu wa mitaa, kabla ya kutia saini, waulize maswali mawili ambayo Seyyid Barghash alichelewa kuyauliza: huyu anayenishauri anamwandikia nani ripoti yake jioni, na barua ikija kutoka huko kwao, mimi nitabaki na nini mkononi?